Mtafsiri wa Banda la Osiri

Homa Bay, Alhamisi alasiri

Mwanangu Awuor,

Tumeamkiana asubuhi, kwa hiyo salamu sitazirudia. Mambo ya maji ya kunywa, blanketi, na nani wa kumpigia simu ukivuka mpaka ameyashughulikia mama yako, na sasa ninyi wawili mko sokoni mkitafuta begi ambalo zipu yake inafunga. Nina saa mbili hivi za kuwa peke yangu. Nimeketi mezani pale unapopenda kuandikia, na ninaogopa. Sijui namna nyingine ya kuianza barua hii.

Siiogopi Dar es Salaam. Niliwasikia wale wa jarida la mtandaoni waliokuajiri wakizungumza nawe kwa simu, na Kiswahili chao kilinituliza. Wala siogopi kwamba utaishi kwa kuandika kuhusu filamu, vitabu na waandishi, ingawa kwa miaka mingi niliiita blogu yako mchezo. Ninayaogopa makala uliyoniachia Jumanne niyasahihishe, yale unayotaka yawe ya kwanza kuchapishwa huko uendako. Umeandika kuhusu mabanda ya video ya Osiri, enzi ambazo wachimba dhahabu walitazama filamu za kigeni huku mtu mmoja akiwatafsiria kwa kipaza sauti. Umeandika kwamba aliyesifika kuliko wote hakuwahi kuonekana uso, kwa sababu aliketi nyuma ya blanketi lililotundikwa pembeni, na kwamba watu walimwita Pazia. Mwishoni umewaahidi wasomaji wako kwamba utamtafuta mpaka umpate.

Umempata, Awuor. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na kuinuka kwenda kufunga mlango, kana kwamba kuna mtu barazani. Hakuna. Nimerudi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwalimu asiye na mafunzo katika shule moja ya msingi isiyo mbali na machimbo. Mkuu wetu wa shule alikuwa ametuonya sote: "Mwalimu atakayeonekana bandani, Jumatatu asije na chaki. Aje na nyundo ya kupondea mawe." Kwa hiyo mwenye banda alinitundikia blanketi. Nilikuwa nikitoka kanisani Jumapili, nakula, kisha napita nyuma ya banda kupitia kwa jenereta na kuingia kama mwizi. Mle ndani nilikuwa na kigoda, kipaza sauti, na tundu la kutazamia runinga lenye ukubwa wa yai.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua ulipoisifu tafsiri ya Pazia kwa aya mbili nzima. Filamu nyingi zilikuwa za Kichina, nami sikujua hata neno moja la Kichina. Nilisoma nyuso. Mtu akikunja uso, nilimpa ugomvi. Akitazama chini, nilimpa deni la mahari. Na wahusika wote niliwapa majina ya watu waliokuwa wameketi bandani, kwa kuwa hilo ndilo walilolitaka. Kabla ya filamu kuanza walikuwa wakipiga kelele kama watoto.

"Pazia, leo mimi nani?"

"Wewe leo ni jenerali."

"Na mimi je? Wiki jana uliniua mapema sana, omera, ndugu yangu."

"Wewe leo hufi. Wewe ni farasi wa jenerali."

Banda lilikuwa likicheka mpaka mabati yanatetemeka, na yule farasi alicheka kuliko wote. Umeandika kwamba sanaa ile haikumhitaji mtu mwenye shahada. Nilipofika hapo nilijivuna, mwanangu. Nusu ukurasa mzima nilijivuna, peke yangu, nikiwa na miwani puani. Kisha nikageuza karatasi nikakutana na maneno ya Mama Achieng.

Hukujua ni nani uliyekuwa ukizungumza naye. Kwako ni mama mzee aliyeketi chini ya turubai akiponda mawe, aliyekukaribisha uketi kwenye ndoo. Kwangu yeye ni mke wa Ouma, na Ouma ndiye mtu niliyemkimbia maisha yangu yote.

Ouma alikuwa mchimbaji katika shimo la tatu kutoka barabarani. Mtu mrefu, mcheshi, mwenye masikio ya kusikiliza kweli. Kwa miezi mingi nilimfanya shujaa wa kila filamu, maana sura za mashujaa zilimfaa. Jumapili moja, katikati ya filamu, alisimama.

"Wewe Pazia," akasema, "hebu ngoja. Huyo mtu amesema maneno mawili, wewe umetuletea hotuba. Kichina ulisomea wapi? Hapa Suna?"

Watu wakacheka.

"Keti, Ouma, tunatazama," mmoja akamwambia.

"Nimeuliza tu. Yule mdomo umefunga kitambo, huyu wetu bado anaendelea. Sasa hii ni filamu ya nani, ya Wachina ama ya huyu?"

Hakuwa na chuki. Nimeyapima maneno yale kwa miaka thelathini na bado sioni chuki ndani yake. Lilikuwa swali zuri. Ungekuwepo wewe, ungeuliza swali lilo hilo na kuliandika kwenye blogu yako, nami ningekuona una akili. Lakini nilikuwa nyuma ya blanketi, na wiki hiyohiyo chuo cha ualimu kilikuwa kimenikataa kwa mara ya pili. Bandani ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu. Nilihisi kwamba Ouma amelichana lile blanketi mbele ya umma.

Jumapili iliyofuata ilikuja filamu yenye mwizi. Alikuwa mtu wa shamba la tajiri, aliyeficha kito ndani ya kiatu. Nilimtazama kupitia tundu langu, nikakikaribia kipaza sauti, nikasema: "Na huyu, ndugu zangu, ndiye Ouma. Mchana anachimba pamoja nanyi. Jioni mtazameni anavyochechemea. Mnadhani amechoka? Viatu ndivyo vizito."

Sijawahi kuchekesha watu namna ile. Kila mwizi alipotokea, banda zima lilipaza sauti, "Viatu!" Ouma mwenyewe alicheka mwanzoni. Nilimwona. Alipoacha kucheka nilimwona pia, na sikuacha. Niliendelea mpaka filamu ikaisha.

Wewe umekaa Osiri wiki mbili, kwa hiyo unajua mawe yanavyogawanywa. Kundi linaketi kando ya shimo, mawe yanapimwa kwa karai, kila mtu anaona karai la mwenzake. Hakuna karatasi wala shahidi, kuna kuaminiana tu. Jumatatu walimwambia Ouma avue viatu, kwa mzaha. Jumanne walimwambia tena, na mzaha ulikuwa umepungua. Hawakupata kitu, na kutopata kitu hakukumsaidia, maana sasa walisema ni mjanja. Kufikia Alhamisi hakuna aliyetaka kumshikia kamba. Hilo ndilo lililomuua. Anayeteremka shimoni anaishi kwa mikono ya aliye juu, na watu walisema, "Kamba ya mwizi nani aishike?"

Basi akaenda kwenye shimo la zamani, lililoachwa kwa sababu kuta zake zilikuwa zikivuja maji. Na kamba ikashikwa na mke wake.

Maneno aliyokuambia umeyaandika vizuri, na sikuyagusa kwa kalamu. "Nilisikia kishindo," amesema, "kisha kamba ikawa nyepesi. Nikaendelea kuivuta kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya." Halafu ulipomuuliza kuhusu mabanda ya video, naye hajui kwamba umekuja kuyasifu, akasema: "Mume wangu alimwambia yule wa nyuma ya pazia kwamba ni mwongo. Jumapili iliyofuata akafanywa mwizi. Watu husema ni shimo. Mimi najua ni nani."

Wewe umeyaweka maneno hayo kwenye aya ya saba, kama mfano wa jinsi filamu ilivyoweza kuvuka ukuta wa banda na kuingia maishani. Ni hoja nzuri. Niliisoma nikiwa nimesimama karibu na dirisha, kisha nikaisoma tena.

Habari za kifo niliambiwa na mwenye banda. "Mwalimu, leo jina la Ouma usiliweke," alisema, "amezikwa na shimo." Kisha akaniuliza kama niko tayari, maana watu wamejaa. Na mimi, Awuor, nilipita kwa jenereta nikaketi kwenye kigoda changu nikatafsiri filamu nzima. Hili sijui nilieleze vipi. Kwa lile la viatu naweza kujitetea kwamba sikujua litafika wapi. Jumapili hiyo nilikuwa najua. Walipouliza, "Pazia, leo mimi nani?" niliwajibu. Matangani sikwenda. Nilikaa nyumbani nikasahihisha madaftari ya darasa la sita, na muhula ulipokwisha nikaomba uhamisho nikaja huku Homa Bay, mahali ambapo hakuna aliyeijua sauti yangu.

Watu wa mji huu wananijua kama mwalimu mkali wa Kiswahili asiyeruhusu neno lisilo na kazi. Nawe umenijua hivyo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba anayeongeza neno katika tafsiri ni mwongo, nao waliona ni msimamo wa kitaaluma. Ilikuwa hofu tu. Hofu ile niliivalisha tai, nikaiingiza darasani, kisha nikaileta nyumbani.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka minane, ukaenda kutazama filamu kwa jirani, ukarudi kumsimulia mama yako? Ndani ya hadithi yako kulikuwa na mtoto aliyepotea msituni akifuatwa na mbwa. Mimi nilikuwa nimeitazama filamu hiyo. Nikakuuliza, "Huyo mbwa alikuwepo?"

Ukasema, "Hakuwepo, baba. Lakini yule mtoto alikuwa peke yake sana."

Nikakuambia umwondoe. Ukaanza upya bila mbwa, na katikati ukalia, nami nikakuacha ulie. Mama yako hakuzungumza nami siku mbili. Nilijiambia kwamba ninakulinda, maana nilidhani nimeiona mbegu yangu ikiota ndani yako. Mbwa yule hakuwa na kosa lolote. Ulimpa yule mtoto mwenzi. Mimi nilikuwa nimemtenga mtu na wenzake. Tofauti hiyo ingepaswa kuwa rahisi kwa mwalimu kuiona, lakini sikuiona mpaka umekuwa mtu mzima mwenye begi.

Hofu yangu ya pili ni hii, na huenda ni kubwa kuliko ya kwanza. Mwaka jana uliandika kuhusu filamu ile iliyoonyeshwa hapa mjini, ukasema mhusika mkuu wa kike hakupewa hata sentensi moja yake mwenyewe, kazi yake ni kulia na kupika. Ulikuwa sahihi. Wiki hiyo mtu asiye na jina alikuandikia, "Tunajua kwenu." Ulicheka ukanionyesha simu, ukasema ni kelele za mtandao, hao hawafanyi kitu. Nami nikakohoa nikaenda kulifunga lango, na tangu siku hiyo nalifunga kila jioni kwa minyororo miwili. Uliniuliza kama kuna wezi. Nilisema ndiyo.

Wewe huwajui watu hao. Mimi ninawajua, kwa sababu ni mimi. Ninajua mtu aliyekosolewa mbele ya watu anavyokaa nyuma ya blanketi lake akingoja Jumapili. Najua anavyoweza kutabasamu, tena anavyoweza kuchekesha, na anavyojiambia kwamba ni utani. Ouma alikuwa mhakiki wangu wa kwanza, na alisema kweli, na mimi nilikuwa na kipaza sauti. Sasa mwanangu mwenyewe anakwenda kuishi kwa kuuliza swali la Ouma. Kila utakapoandika kwamba mwandishi fulani amedanganya au mwelekezaji fulani amejaza hotuba mahali pa maneno mawili, mimi huku nitakuwa nikimwona mtu akisogeza kigoda.

Kwa siku mbili nilitaka kukuambia uache. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa na kuichana. Siwezi kukuambia uache kusema kweli, maana nitakuwa nimemnyamazisha Ouma mara ya pili. Siwezi pia kukuambia kwamba hakuna hatari. Kitu kimoja tu naweza kukuomba: ukiitwa jina baya na watu wakacheka, usicheke pamoja nao ili uonekane hujaumia. Ouma alicheka mwanzoni. Kile kicheko chake ndicho kilichowapa wengine ruhusa. Nipigie simu, hata kama ni kuniambia tu, "Baba, wamenicheka." Sitakuuliza kama ulistahili.

Lakini kabla ya hayo kuna makala yako, nayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Nitasema ukweli kuhusu nilichokusudia. Nilipanga kuikata aya ya saba. Ningeizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni, "Imetoka nje ya mada." Ungeniamini, kama ulivyoniamini kuhusu mbwa. Asubuhi ya leo, ulipokwenda kuwaaga watu wa kanisa, nilimwambia mama yako. Alikuwa akichambua dagaa.

"Aliyekuwa nyuma ya lile pazia la Osiri ni mimi," nikasema.

"Pazia gani?"

Nikamweleza yote. "Wewe," akasema. "Wewe uliyemsahihisha mchungaji mahubiri yakiendelea. Wewe ndiye ulikuwa ukipiga domo kwa banda la video."

"Ndiyo."

Sikumwona akicheka. Alirudi kwa dagaa zake, kisha akauliza, "Huyo mama ako hai?"

"Yuko hai," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakunikasirikia kwa kumsahihisha.

"Na sasa unataka kumwandikia Awuor."

"Nataka kumwomba aiondoe ile aya. Au angalau angoje mpaka nife."

Aliuweka ungo chini. "Baba Awuor," akasema, "kwani Awuor ndiye alishika kamba?"



Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Tutatoka wote wawili saa kumi na mbili asubuhi, na utadhani ninakusindikiza mpaka Migori kwa sababu ya uzito wa mizigo. Utashangaa kwamba nimevaa koti la Jumapili. Pale Suna, mjini Migori, utapanda gari la kwenda mpakani, nami nitakupa barua hii mkononi. Ukiwa unaisoma, nitakuwa juu ya pikipiki kuelekea Osiri. Sikukuambia usiku wala asubuhi kwa sababu ungetaka kuja nami, na ukija, Mama Achieng atakutazama wewe kwanza. Atakuonea huruma, naye atanisamehe haraka kwa ajili yako. Sitaki huruma ya aina hiyo. Niende kama nilivyokuwa, peke yangu, ila safari hii nipite kwa mlango wa mbele.

Sijui nitasema nini. Mimi niliyemwekea kila Mchina maneno mdomoni, nimeketi hapa saa nzima nikitafuta sentensi moja, na ninaona hofu kama ya mtoto aliyeitwa ofisini. Huenda akanifukuza. Huenda akawaita wanawe, nao ni watu wazima wenye nyundo mikononi. Huenda akanyamaza tu akaendelea kuponda, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Mama yako anajua niendako. Nimemwambia kwamba lolote litakalotokea asimlaumu mtu wa Osiri.

Makala yako sikuyasahihisha. Hayana makosa mengi, na yaliyopo ni yako, yaache. Ila usiyachapishe kabla hujasikia kutoka kwangu au kwake. Nitampa namba yako ya simu, na yeye atakuambia mwenyewe anachotaka kisomwe na anachotaka kibaki kwake. Kifo kile ni chake kabla hakijawa mada. Akisema aya ya saba itoke, itoe bila kubishana, hata kama ndiyo aya bora uliyowahi kuandika, na nadhani ndiyo. Akikataa jina la Ouma litumike, liondoe. Akitaka liwekwe pamoja na sifa kwamba hakuwahi kuiba hata kokoto moja, liweke, na sifa hiyo uiandike juu kabisa, mahali ambapo hata msomaji mvivu ataiona.

Langu usiliondoe, kwa ombi la mtu yeyote, hata mama yako, hata mimi mwenyewe nikikupigia simu nimebadili nia. Usiandike Pazia. Andika majina yote matatu, kama yanavyosomeka hapa chini.

Baba yako,
Barnaba Otieno Oluoch